Kitabu cha Kumbukumbu kwa Pesa Kidogo: Mwongozo kwa Familia za Diff

Ukitazama video za watu wanaotengeneza albamu za kubandika, utaona meza imejaa karatasi za maua, stika, utepe, mihuri ya mapambo na mashine ya kukatia maumbo. Hobi hii kwa sura yake ya leo ilikua kuwa biashara kubwa kutoka jimbo la Utah, Marekani, ambako mwaka 1980 Marielen Christensen alionyesha albamu zaidi ya 50 za familia yake kwenye mkutano wa watunza kumbukumbu za ukoo. Baada ya hapo yakafunguliwa maduka ya vifaa, na kila mwaka kikazaliwa kifaa kipya cha kuuzwa. Mtu wa Diff, huku Wajir Kusini mpakani na Somalia, akijaribu kufuata mkondo huo atakata tamaa mapema. Vifaa hivyo havipatikani madukani kwetu, na vikiagizwa kutoka Nairobi kupitia Garissa au Wajir, nauli huongezeka kila mzigo unapobadilisha gari.

Kitabu chenyewe hakihitaji vitu hivyo. Kinachohitaji kulipiwa ni vitu vitatu: picha zilizosafishwa vizuri, karatasi inayodumu, na sanduku la kukilinda. Gundi, wino na mapambo vipo Diff, na vingi havina bei. Maelezo ya nani, wapi na lini ndiyo yanayofanya kitabu kiwe na thamani, na hayo hayauzwi popote. Mwongozo huu utakuonyesha pa kutoa shilingi na pa kuizuia.

1. Amua kitabu ni cha nini

Upotevu mkubwa wa pesa hutokea kabla mkasi haujashikwa. Mtu ana picha mia nane kwenye simu, anasafisha mia mbili, kisha anakosa mahali pa kuziweka. Chagua jambo moja kwa kitabu kimoja: arusi moja, miaka mitano ya kwanza ya mtoto, maisha ya ayeeyo (bibi), au safari ya familia kutoka malishoni hadi mjini. Halafu jiwekee ukomo wa picha 24. Ukomo huo utakulazimisha kuuliza kila picha inasema nini ambacho nyingine haijasema.

Chora mpango wa kurasa kwa penseli kwenye daftari la kawaida. Andika ukurasa huu una picha ipi, huu una maneno tu, huu una mchoro. Utagundua kurasa nyingi nzuri hazitaki picha kabisa. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika maeneo yetu, na familia nyingi zilipoteza mifugo. Ukurasa wa kipindi hicho unaweza kubeba majina ya ngamia waliokufa, mchoro wa chapa ya ukoo iliyokuwa ubavuni mwao, na majina ya visima mlivyovifuata. Ukurasa wa namna hiyo hugharimu penseli na saa moja ya kukaa na baba.

2. Nunua kaunta buku, uache albamu ya nailoni

Albamu za madukani zenye kurasa zinazonata na nailoni juu huvutia kwa sababu picha hubandikwa bila kazi. Ziepuke. Gundi yake hushika picha moja kwa moja, na kwenye joto letu baada ya miaka michache picha haitoki bila kuchanika. Nailoni laini yenye harufu kali ya plastiki nayo hulainisha uso wa picha na kuganda nayo.

Badala yake nunua kaunta buku lenye jalada gumu. Lile la kwaya mbili lina kurasa 192, yaani majani 96. Kwa kuwa picha huongeza unene, kitabu kikijazwa kama kilivyo kitafumuka na mgongo utapasuka. Kwa hiyo kata jani moja uache jani moja, na kila unapokata bakisha ukanda wa sentimita 2 kando ya mshono. Ukanda huo hujaza nafasi mgongoni, na kitabu kitafunga sawasawa hata kikiwa kimejaa. Utabaki na majani 48 ya kubandikia, na majani 48 uliyokata yatakuwa karatasi yako ya pembe, bahasha ndogo na majaribio. Hujapoteza hata moja.

Mistari ya kaunta buku isikusumbue. Ukurasa wa kushoto uwe wa maandishi, na mistari itakusaidia. Ukurasa wa kulia bandika karatasi nyeupe ya kuchapia au kipande cha manila, kisha picha iwekwe juu yake.

Kabla ya kutumia karatasi yoyote uliyookota au kupewa, ijaribu. Iweke juani ikiwa nusu yake imefunikwa kwa jiwe au ubao, uiache siku kadhaa. Nusu iliyo wazi ikigeuka manjano, karatasi hiyo ni ya aina ya gazeti na haifai kukaa karibu na picha. Ukitaka kuhifadhi habari iliyotoka gazetini, ifanyie fotokopi kwenye karatasi nyeupe, ubandike fotokopi hiyo. Karatasi ya kaki inayofunikiwa madaftari ya shule ifunike jalada kwa nje tu.

3. Gundi iko porini

Wajir, Garissa na Mandera ni miongoni mwa kaunti zinazokusanya gundi ya mgunga, ule mti ambao wafugaji wa Kisomali huuita cadaad. Dunia huinunua gundi hii kwa ajili ya soda, peremende na dawa, na kwa muda mrefu ilipakwa nyuma ya stempu za posta na kwenye midomo ya bahasha. Ni gundi ya karatasi kwa asili yake, na wewe unaishi inakotoka. Wafanyabiashara hutaka vipande vikubwa na safi, kwa hiyo omba chenga, vile vidogo vilivyovunjika, au vile vyenye vumbi.

Hakikisha kwanza umepata kitu chenyewe. Tia kipande kwenye kikombe cha maji usiku kucha. Gundi ya mgunga huyeyuka yote na haina harufu. Kikinukia kama ubani, au kikaacha mafuta na masalia yasiyoyeyuka, hicho ni cha familia ya malmal au uvumba, nacho kitachafua karatasi yako.

Kutengeneza ni rahisi. Twanga chenga hadi ziwe unga. Changanya vijiko viwili vya unga huo na vijiko vinne vya maji vuguvugu, funika, acha hadi asubuhi, kisha chuja kwa kitambaa chepesi ili mchanga na maganda yabaki. Gundi hii ikikauka yenyewe hukakamaa na kupasuka, kwa hiyo ongeza matone machache ya gliserini, ile inayouzwa dukani kwa ajili ya ngozi. Tengeneza ya kutumia juma hilo tu, kwa sababu ikikaa kwenye joto huchacha. Paka nyembamba kwa kidole au brashi, weka karatasi safi juu, kandamiza kwa vitabu vizito hadi ikauke.

Huna mgunga karibu? Uji mzito wa unga wa ngano uliochujwa nao hubandika karatasi vizuri, ila wadudu huupenda, kwa hiyo upake kidogo sana na uukaushe kabisa. Kuna gundi mbili za kuacha hata ukipewa bure. Selotepu hugeuka manjano na kutoa ute kwenye joto, na supaglu hupenya karatasi na kuacha doa gumu lisilotoka.

4. Picha ishikwe kwa pembe

Hata gundi nzuri isipakwe kwenye picha. Picha ikishikwa kwa pembe za karatasi, unaweza kuitoa wakati wowote ukaipiga nakala au ukaihamisha. Pembe za dukani huja kwenye pakiti na huisha upesi. Za nyumbani hazina gharama.

Kata ukanda wa sentimita 4 kwa 2. Ulaze kwa urefu, kunja nusu ya kulia iteremke hadi mstari wa katikati, kisha nusu ya kushoto vivyo hivyo. Utapata pembetatu yenye mfuko. Paka gundi upande wa mgongo usio na mkunjo, bandika ukurasani, tia kona ya picha ndani ya mfuko. Picha moja inataka pembe nne. Karatasi moja ya A4 hutoa pembe 70, zinazotosha picha 17. Karatasi mbili zinamaliza kitabu chote cha picha 24.

5. Picha: hapa lipa, ila lipa kwa akili

Usisafirishe pesa kwenda Garissa kwa ajili ya picha moja moja. Zikusanye hadi zitimie, kisha mtume mtu anayeaminika anayekwenda mjini na picha zote kwenye kadi ya kumbukumbu au kwa simu.

Mwambie fundi wa studio azipange. Picha ya inchi 6 kwa 4 ni kubwa kuliko inavyohitajika kwenye kurasa nyingi. Karatasi hiyo hiyo hubeba picha mbili za inchi 3 kwa 4, au nne za inchi 3 kwa 2, kwa bei ya moja. Unaweza kuzipanga mwenyewe kwenye programu ya simu kabla ya kutuma. Kwa kitabu cha picha 24, weka 4 tu ziwe kubwa, 12 ziwe za kati na 8 ziwe ndogo. Utalipia karatasi 12, nusu ya gharama.

Uliza picha itachapwa kwa njia gani. Picha ya studio iliyosafishwa kwenye karatasi halisi ya picha hudumu kuliko ile ya mashine ya wino ya saiba. Ukiwa na shaka, gusa ukingo wa picha ya mfano kwa kidole chenye maji, na rangi ikitoka utafute kwingine. Risiti na tiketi zinazochapwa kwa joto hufutika zenyewe, kwa hiyo zifanyie fotokopi siku ile ile.

Ndugu walio Eastleigh jijini Nairobi au Minneapolis mara nyingi ndio wenye picha za zamani. Wengi waliondoka kupitia kambi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991, wakiwa wamebeba picha chache tu. Waombe wakutumie kwa WhatsApp kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa na hutoka na ukungu ikisafishwa. Picha ya karatasi iliyo kwa jirani au shangazi usiiombe uondoke nayo. Ilaze chini kivulini penye mwanga mwingi, simama wima juu yake, ipige bila flashi, umrudishie palepale.

6. Maelezo: kazi isiyo na gharama na isiyo na mbadala

Mali bila daftari huisha bila habari, na picha bila maelezo ni hivyo hivyo. Baada ya miaka 30 hakuna atakayejua yule mtu wa kushoto ni nani. Chini ya kila picha andika mambo matano: majina kamili kuanzia kushoto, mahali, mwaka au msimu, kilichokuwa kikiendelea, na nani aliyekueleza. Mzee asipojua mwaka, muulize ilikuwa baada ya ukame upi au kabla ya mafuriko ya El Niño ya 1997. Andika alivyosema yeye. Abtirsi (orodha ya mababu) ya familia nayo ipate kurasa zake mbili, na nafasi ibaki kwa watakaozaliwa.

Katika miaka ya 1990 akina mama wa Uganda waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, kupitia shirika lao la NACWOLA, waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: umezaliwa wapi, babu yako alikuwa nani, ulipenda nini ukiwa mdogo. Havikuwa vitabu vya urembo. Mtoto aliyebaki navyo alijua ukoo wake na sauti ya mama yake. Kazi yako ipimwe kwa kipimo hicho.

Kuhusu wino, kalamu nyingi za rangi hupauka. Penseli haipauki, wala wino wa mkaa ambao watoto wa dugsi (madrasa) wameutumia kuandika kwenye loox, ubao wao wa mbao, kizazi baada ya kizazi. Saga mkaa uwe laini kabisa, uchekeche kwa kitambaa, uchanganye na gundi yako ya mgunga iliyozimuliwa kwa maji. Andika kwa kalamu ya kijiti. Jua haliuwezi wino huo, lakini maji huuosha, kwa hiyo kurasa zake zikae mbali na unyevu. Usiandike kwa biro nyuma ya picha, kwa sababu alama hutokeza mbele. Andika ukurasani.

7. Mapambo yatoke kwenye maisha yenu

Mjini Lamu, pwani ya Kenya, Omar Said Bakor wa Bakor Studio alijulikana kwa kukata picha za wateja na kuzipachika ndani ya maua, mioyo na mapambo mengine. Leo wataalamu wa sanaa huandika juu ya kazi zake. Ubunifu ulikuwa kwenye jicho na mkono wake.

Anza kwa fundi cherehani. Mabaki ya vitambaa vya dirac na baati, magauni ya wanawake wetu, hutupwa kila siku, na ukanda mwembamba wa kitambaa cha arusi yenyewe una maana kuliko utepe wowote wa kununua. Chora ruwaza ya hina ya bibi arusi kwa penseli siku anapopakwa. Maboksi ya tende ya mwezi wa Ramadhani hutoa kadi ngumu ya kutengenezea madirisha ya picha. Tangu mtaala mpya uanze kutumika shuleni mwaka 2019, watoto huja nyumbani na vipande vya manila ya rangi, kwa hiyo weka bahasha ya kuvikusanya. Majani makavu na manyoya yawekwe kwenye bahasha ndogo ya karatasi, yasiguse picha.

Pambo moja kwa ukurasa linatosha. Ukurasa uliojaa mapambo hula karatasi na kufunika sura za watu.

8. Nunueni pamoja

Mkasi mzuri, rula ya chuma na wembe wa kukatia havihitajiki kila siku na kila nyumba. Wanawake watano wa ayuuto (chama cha kuzungushiana fedha) moja wanaweza kuwa na seti moja inayozunguka pamoja na zamu ya fedha. Karatasi na manila zinunuliwe kwa jumla kutoka Garissa au Nairobi mara moja kwa mwaka, na mzigo usafirishwe na bidhaa za mfanyabiashara mnayemjua. Epukeni kununua Januari, wakati wazazi wote wanatafuta vifaa vya shule. Mwalimu wa shule ya msingi naye akikaribishwa, kikundi kitapata mahali pa kukutana, na watoto watajifunza historia ya kwao.

Kama bajeti yako ni mafungu kumi, toa sita kwa picha, mawili kwa karatasi, moja kwa sanduku, na moja libaki akiba. Ukijikuta unagusa mafungu ya picha ili ununue stika, simama hapo.

9. Linda ulichotengeneza

Kitabu kilichoharibika ni gharama mara mbili. Kwetu maadui ni wanne: joto, vumbi, mchwa na mvua za ghafla. Ukiweka picha kwenye kurasa zinazotazamana, tia karatasi nyembamba safi kati yake, kwa sababu kwenye joto nyuso mbili za picha hushikana. Kifunge kitabu kwa kitambaa cha pamba, ukitie kwenye mkebe wa biskuti au sanduku la bati lenye mfuniko. Sanduku lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta wa udongo. Liinue juu ya mawe au mbao, au ulitundike, ili mchwa wakijenga njia uione. Lisikae chini ya paa la mabati moja kwa moja penye jua kali.

Lifungue kabla ya mvua za Gu na kabla ya mvua za Deyr, ukague wadudu, upanguse vumbi. Familia inayohama itengeneze vitabu viwili vyembamba badala ya kimoja kizito. Na kila ukurasa ukikamilika upige picha kwa simu, umtumie ndugu aliye mbali. Nakala hiyo ni bure, na itabaki hata maji yakiingia nyumbani.

10. Usibandike hati, usimwaibishe mtu

Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na kadi za kliniki visiguswe na gundi. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti zetu walipitia mchujo wa ziada wakiomba kitambulisho, na hati ya babu iliokoa maombi ya wajukuu. Bandika fotokopi, na hati halisi ikae peke yake kwenye bahasha ndani ya sanduku lile lile.

Picha za wanawake zilizopigwa nyumbani bila mtandio zisiingie kwenye kitabu kitakachoonyeshwa wageni. Ziwe na kitabu chake, na mwenye picha aulizwe kwanza. Wapo wazee wasiotaka sura zao zihifadhiwe. Waheshimu, na uwaombe maneno yao badala yake: buraambur (ushairi wa wanawake) aliyoitunga ayeeyo mwenyewe, au njia aliyopita awoowe (babu) na ngamia wake. Kurasa hizo zitasomwa kwa hamu ile ile.

Pa kuanzia

Usisubiri mzigo kutoka Garissa. Juma hili chukua daftari na penseli, nenda kwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote katika familia yenu, ukaandike majibu yake kwa maswali ya sehemu ya sita. Picha zinaweza kusafishwa mwakani na karatasi inaweza kununuliwa mwezi ujao. Anachokijua yeye hakiagizwi kutoka popote, na kitabu kikianza na maneno yake, kila shilingi utakayoongeza baadaye itakuwa imepata kazi ya kufanya.